Tumuulize mhusika ana nini, na anakifanyia nini

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yumo gerezani na siku ya kuuawa imekaribia. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, na kila kilicho kitamu walinzi hukila wao. Liyongo anatunga wimbo wenye fumbo ili Saada aufikishe nyumbani: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Chakula kinapofika, walinzi wanachukua vilivyo vizuri, wanautazama ule mkate wa makapi, wanauona haufai ila kwa mfungwa, wanamwachia. Kisha, watu wakiwa katika ngoma inayofunika kila sauti, Liyongo anakata pingu na kutoka.

Hatuhitaji kuelezwa kwamba walinzi wale ni walafi na wenye dharau. Mkate umekwisha kutueleza. Umetueleza pia jambo zito zaidi kuhusu Liyongo mwenyewe, ambaye sifa zake nyingi katika masimulizi ni za mwili: urefu, nguvu, shabaha ya mshale. Hapa tunamwona akizisoma tabia za watu kwa makini kuliko wao wanavyomsoma yeye. Amewatazama wakila chakula chake, akajua watagusa nini na wataacha nini, akauweka uhai wake juu ya ujuzi huo. Na mama, ambaye mtu angetarajia asikike akilia, tunamjua kwa kuwa ameoka kama alivyoagizwa. Kitu kimoja duni cha jikoni kimewafunua watu wa pande tatu, bila msimulizi kulazimika kumsifu au kumlaumu yeyote.

Nina hoja moja, na mkate huo ndio shahidi wangu wa kwanza. Mali ndogo za kila siku ni njia ya uhakika kuliko nyingine zote aliyonayo mtunzi wa hadithi ya kumwonyesha mtu alivyo. Lakini mali hiyo haisemi kwa kuwepo tu, wala kwa bei yake. Husema pale mwenyewe anapolazimika kuifanyia jambo: kuitoa, kuinyima, kuificha, kuiuza, kuisahau. Fasihi ya Kiswahili inaijua elimu hii tangu zamani, na naona tunaiacha itupotee, darasani na kwenye meza za waandishi.

Tazama pete mbili katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Shylock, mkopeshaji Myahudi, amekimbiwa na binti yake Jessica, aliyeondoka na fedha na vito vya nyumbani. Tubal anamletea habari kutoka Genoa, na katika habari hizo imo hii: mtu mmoja ameonyesha pete aliyopewa na Jessica kwa kubadilishana na tumbili. Mpaka hapo Shylock amekuwa akiwalilia binti na dukati kwa pumzi moja, hata amefika kutamani binti awe maiti alimradi vito viwe karibu naye. Msomaji ameshamhukumu. Ndipo Shylock anaitambua pete ile: ni ya feruzi, alipewa na Lea kabla hajaoa, naye hangeibadilisha kwa idadi yoyote ya wanyama. Maneno ni machache, na mara tunagundua kwamba ndani ya mtu huyu kulikuwa na chumba ambacho hatukukijua. Alipendwa. Alipenda. Alitunza.

Mtu anaweza kudai kwamba bahili hulilia kila kilicho chake, na pete ni mali kama mali nyingine. Tamthilia yenyewe inamjibu. Muda mfupi tu kabla ya habari ya pete, Shylock ameitaja almasi aliyopoteza, akataja na bei yake, dukati 2,000, na mji alikoinunua, Frankfurt. Almasi ina bei na soko. Pete haina bei hata kidogo katika kinywa chake. Ina jina la mtu. Hivyo ndivyo mwandishi mkubwa anavyotenganisha tamaa na mapenzi ndani ya moyo mmoja, kwa kuviweka vitu viwili vya aina moja karibu karibu na kumwacha mwenyewe avitaje. Kisha inakuja pete ya pili. Portia anampa mpenzi wake Bassanio pete, naye anaapa kwamba haitatoka kidoleni ila kwa kifo. Haupiti muda mrefu anaitoa, akimzawadia mwanasheria aliyemwokoa rafiki yake Antonio, asijue kwamba mwanasheria huyo ni Portia mwenyewe aliyejigeuza. Gratiano, rafiki yake Bassanio, naye anaitoa pete aliyopewa na mpenzi wake. Vijana hawa ndio wapendwa wa hadithi, wenye maneno matamu na mwisho mwema. Mzee yule ndiye adui. Hata hivyo, kwa kipimo cha pete, adui ndiye asiyetoa alichopewa na mpenzi wake. Sidhani kwamba Shakespeare aliviweka vitu hivi kwa bahati, na hata kama ni bahati, vipo, na kila anayeisoma tamthilia kwa uaminifu lazima ahesabiane navyo.

Chinua Achebe alifanya kazi ya namna hiyo katika riwaya yake ya 1958, ambayo Clement Ndulute aliileta kwetu kwa jina la Shujaa Okonkwo. Unoka, baba yake Okonkwo, ana vitu viwili vinavyokumbukwa: filimbi yake, na mistari ya chaki ukutani inayohesabu madeni yake. Jirani anapokuja kudai kauri 200, Unoka anacheka na kumwonyesha ukuta, akisema atalipa kwanza madeni makubwa. Mwanawe anaona aibu tupu katika maisha hayo. Anajenga nafsi yake kwa vitu vya kinyume: ghala la viazi vikuu, fuvu la mtu wa kwanza aliyemuua vitani, ambalo hunywea tembo katika sherehe kubwa, na bunduki. Sasa angalia Achebe anavyovipima vitu hivyo. Okonkwo si mwindaji, na kwa bunduki yake hajawahi kuua hata panya. Mkewe Ekwefi ananong'ona neno juu ya bunduki zisizopiga, naye anakasirika, anafyatua, anamkosa. Baadaye, katika mazishi ya Ezeudu, bunduki ya Okonkwo inalipuka na kipande cha chuma kinamuua kijana wa miaka 16, mtoto wa marehemu. Chombo cha ushujaa kinafanya kazi mara moja tu, dhidi ya mtoto wa jamaa, bila kukusudiwa. Unoka, kwa upande wake, anapougua uvimbe na kupelekwa kufia katika Msitu Mwovu, anaondoka na filimbi yake. Ni jambo dogo, lakini linanilazimisha kumwona upya yule mtu aliyedharauliwa na mwanawe: alikuwa na kitu alichokipenda mpaka mwisho, na hakikumdhuru mtu.

Bei, nasema tena, haitoshi. Katika The Sign of Four (1890), Arthur Conan Doyle anampa Sherlock Holmes saa ya mfukoni iliyokuwa ya kaka yake Daktari Watson. Saa ni ya thamani, lakini Holmes hasomi thamani. Anasoma mikwaruzo iliyotokana na kuwekwa pamoja na sarafu na funguo, namba za duka la rehani zilizochorwa ndani, na alama kuzunguka tundu la ufunguo, ambazo zimeachwa na mkono wa mlevi uliotetemeka usiku ukiitia saa ufunguo. Mtu aliyekufa anasimama mbele yetu mzima, na Watson anaumia. Muhammed Said Abdulla, aliyetupatia Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), aliujua utamaduni huo wa upelelezi. Kwa mizani hii hii naona kwamba kiko cha Bwana Msa kinatusaidia kumtambua mpelelezi, lakini hakitupeleki moyoni mwake kama mikwaruzo ile inavyotupeleka kwa kaka yake Watson.

Pingamizi zito kuliko yote limetoka kwa mwanazuoni Mfaransa Roland Barthes. Mwaka 1968 aliandika juu ya kipimahewa kinachotajwa katika hadithi ya Gustave Flaubert iitwayo Un cœur simple, ya mwaka 1877. Kipimahewa hicho kipo tu ukutani, juu ya piano. Hakihusiki na lolote. Barthes alisema kwamba vitu vya namna hiyo havina ujumbe kuhusu mtu au tukio. Kazi yake ni kutufanya tuamini kwamba tunachosoma ni uhalisia. Kama ana haki, basi mengi tunayoyaona katika vitu vya wahusika tumeyatia sisi wenyewe.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Hadithi imejaa vitu vya kujazia chumba, na msomaji anayeona ishara katika kila kijiko anajichosha bure. Lakini dawa ya tatizo hili imo katika hadithi ile ile. Kiondoe kipimahewa, hadithi inabaki. Sasa iondoe kofia. Félicité, mtumishi wa nyumbani, na Bi Aubain, mwajiri wake, wanapanga nguo za Virginie, binti marehemu wa bibi huyo. Wanakuta kofia ndogo ya manyoya ya rangi ya kahawia, imeliwa yote na nondo. Félicité anaiomba iwe yake. Wanatazamana, macho yanajaa machozi, bibi anafungua mikono na mtumishi anajitupa kifuani pake. Ni mara ya kwanza maishani mwao. Ukiitoa kofia ile, hakuna njia yoyote ya kuwafikisha wanawake hawa wawili, ambao tabaka limewatenga muda wote wa kuishi nyumba moja, kwenye kumbatio hilo. Kofia haifai kuvaliwa, haiuziki, na ndiyo maana kuiomba ni kukiri upendo ambao mtumishi hakuwa na haki ya kuutamka. Tofauti kati ya kipimahewa na kofia ni kwamba kimoja kinatajwa na kingine kinaombwa.

Wengine watasema kwamba huu ni utamaduni wa riwaya ya Ulaya, ya watu waliojaza sebule zao, na kwamba sanaa yetu ni ya kauli, tendo na methali. Mkate wa wishwa umeshajibu kwa sehemu. Jibu jingine limo katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19. Anapotaka kutuonyesha kiburi na maanguko ya matajiri wa Pate, anatuingiza ndani ya majumba yao na kutuonyesha vidaka vya ukutani, vilivyojengwa kupambwa kwa vyombo vya kaure, sasa ndege wa porini wamejenga viota humo. Huo si utunzi wa kubuni kama riwaya, lakini jicho ni lile lile: tajiri anasomwa kwa mahali alipoweka sahani zake. Na Liyongo, aliyeokolewa kwa tupa, anauawa kwa sindano ya shaba, chombo kidogo kabisa, mkononi mwa mwanawe mwenyewe aliyelaghaiwa kwa ahadi ya ndoa. Pwani yetu haikungoja kufundishwa.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la haki. Kumsoma mtu kwa mali zake, wanasema, ni kurudia dhuluma ya mitaani, ambako mtu hupimwa kwa viatu na simu yake. Na maskini, asiye na kitu, atakuwa hana nafsi. Hofu hiyo ni ya kweli kwa uandishi mbaya. Kwa uandishi mzuri mambo ni kinyume. Akaki Akakievich, karani duni wa Nikolai Gogol katika hadithi ya koti iliyotoka mwaka 1842, anaacha chai ya jioni, anaacha kuwasha mshumaa, anatembea kwa kunyata ili nyayo za viatu zisilike, yote ili apate koti jipya kabla ya baridi kali. Mtu aliye na makoti kumi hawezi kuonyeshwa hivyo kwa koti. Kadiri mtu anavyomiliki vichache, ndivyo kila kimoja kinavyobeba sehemu kubwa zaidi ya maisha yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, anaifungua Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, na mtoto Yusuf anayefurahia ujio wa Ami Aziz kwa sababu ya sarafu ya anna 10 anayopewa mgeni anapoondoka. Tunaiona furaha ya mtoto juu ya sarafu, nasi tunatabasamu naye. Baadaye tunaelewa kwamba Aziz si ami yake, na kwamba Yusuf mwenyewe ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Mtoto aliyekuwa akipewa sarafu alikuwa kwenye hesabu za mtoaji. Sijui maelezo yoyote ya unyonyaji, hata yawe marefu vipi, yanayoweza kufika mahali ilipofika sarafu hiyo.

Kazi ya Gurnah inayoikamilisha hoja yangu, hata hivyo, ni By the Sea (2001). Saleh Omar, mzee wa miaka 65 aliyewahi kuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick akiomba hifadhi kwa pasi yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Katika mkoba wake mna kijisanduku cha mbao chenye udi, udi-al-qamari, mabaki ya biashara ya miaka mingi nyuma. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake walikuja Uingereza wakiwa wakimbizi kutoka Romania, anakifungua, ananusa, anauliza ni nini, na mwishowe anakichukua. Mzee hawezi kulalamika, kwa kuwa amejifunga mwenyewe kwa uongo wa kutojua lugha. Tunajifunza nini hapo? Kwamba mtu aliyepoteza nyumba, duka, familia na uhuru alichagua kubeba harufu. Nguo za baridi zingemfaa zaidi. Alibeba kitu kinachothibitisha kwamba alikuwa mtu mwenye ladha, mwenye kupokea wageni, mwenye kujua kilicho kizuri. Na ofisa, ambaye ana historia ya kumwezesha kumwonea huruma mgeni, anakitambua kilicho kizuri na kukitia mikononi mwake. Kijisanduku kimevuka meza moja tu, na watu wawili wamejulikana.

Katika riwaya hiyo hiyo kuna meza ndogo ya mpingo. Mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain aliinunua dukani kwa Saleh Omar ili amvutie kijana wa nyumba moja. Madeni yalipoibomoa nyumba hiyo na vitu vyake kwenda kwa Saleh Omar, mama alimtuma mwanawe mdogo, Latif, akaiombe meza hiyo peke yake. Mtoto alirudi mikono mitupu. Miongo kadhaa baadaye, Latif ni msomi Uingereza, Saleh Omar ni mkimbizi katika mji mdogo wa bahari, na meza ingali kati yao. Walizozania nyumba nzima, lakini kinachoumiza ni meza, kwa kuwa ndiyo iliyoombwa na kunyimwa. Saleh Omar anatusimulia maisha yake kwa upole na hekima nyingi, nasi tunaelekea kumwamini kabisa. Meza inatuzuia. Inatukumbusha kwamba mtu huyu mpole alipokuwa na nguvu alimtazama mtoto na kumwambia hapana. Msimulizi anaweza kupanga maneno yake vizuri. Vitu alivyovikatalia watu ni vigumu kuvipanga upya.

Ndiyo maana nasikitika nionapo tunavyofundisha riwaya. Mwanafunzi wa sekondari, Tanzania na Kenya, anajua kujibu swali la sifa za wahusika: fulani ni mkarimu, fulani ni mwenye bidii, fulani ni katili, na mfano wa kila sifa. Orodha inakaririwa, alama zinapatikana, na mhusika anabaki rundo la vivumishi. Mtihani haukosei kuuliza sifa, lakini sifa ni hitimisho, na tumewazoesha vijana kuanza na hitimisho. Swali kuhusu Okonkwo linaloanzia kwenye bunduki yake lingemlazimisha mwanafunzi kurudi kwenye kurasa, kutafuta mara ngapi imetajwa, ilipofyatuliwa nini kilitokea, na kwa nini neno la Ekwefi lilimchoma mumewe kiasi kile. Akimaliza, atakuwa amelifikia neno "hofu" kwa miguu yake mwenyewe, na pengine amegundua kwamba ukali wote ule ulikuwa ukiikimbia filimbi.

Kwa waandishi wenzangu, ombi langu linahusu kanga, maana hapo ndipo tunapojiponza. Kanga ina jina, nalo limeandikwa wazi. Inavutia kumvika mhusika kanga yenye maneno yanayofanana na hisia zake na kudhani kazi imekwisha. Maneno hayo yamechapwa kiwandani kwa maelfu ya wanawake, hayawezi kumtofautisha mmoja. Doti, hata hivyo, ina vipande viwili. Mwanamke anayeingia katika hadithi na kipande kimoja cha doti ameshaleta swali: cha pili kiko wapi? Huenda alimgawia dada yake siku walipoagana. Huenda kilimbebea mtoto ambaye hayupo tena. Huenda mke mwenzake amekivaa, naye anakiona kila asubuhi uani, na hajawahi kukidai. Mwandishi akijua jibu, na akalichelewesha mpaka siku mtu mwingine atakaponyoosha mkono kukiomba kipande kilichobaki, hatakuwa na haja ya kutuambia kwamba mwanamke huyu ni mvumilivu, au mchoyo, au ameumizwa. Tutamwona akikikunja au akikitoa.